Siku Kumi za Bosi

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mzee Sefania ilifika miaka themanini na tisa, ikapita katikati ya kanisa, ikaimbiwa na kwaya mbili, na mwisho ikafunikwa kwa saruji na vigae vyeupe. Nilikuwepo. Navoneiwa, binti yake mkubwa, alinipigia simu nikiwa dukani kwangu hapa Same, mguu ungali kwenye pedali ya cherehani, akasema, "Dada Nakijwa, baba ametutoka. Na tumekuweka kwenye ratiba, dakika tano tu, uzungumze kama binti wa nyumbani." Sikuweza kukataa. Nilipanda mlimani siku ya Alhamisi, nikakaa safu ya pili, nikasikiliza watu wakimsifu. Mmoja alisema marehemu alikuwa mtu wa sheria, kwamba katika miaka yake ya uenyekiti wa kitongoji hakupendelea mtu, hata mbwa wa mdogo wake wa tumbo moja alipigwa risasi kwa kukosa cheti cha chanjo. Watu wakacheka kwa upole, wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilitazama viatu vyangu. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema alinipokea, alinilisha, aliniandikia barua iliyonifungulia chuo. Yote hayo ni kweli. Nilipoketi, mama mmoja nyuma yangu alinipigapiga begani kunipa moyo.

Marehemu hasemwi vibaya, ndivyo tulivyofundishwa, na nadhani aliyetunga msemo huo alikuwa na marehemu wake wa kumficha. Basi nitasema ya kwangu, na yeye atakuwemo kwa sababu hakuna namna ya kumtoa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kidato cha nne nilikuwa nimekimaliza kwa matokeo ambayo hayasimuliki, nikapelekwa kwa mke wake, Mama Navoneiwa, kujifunza cherehani. Nyumba yao ilikuwa ya matofali ya kuchoma, juu kidogo ya barabara, na chumba cha kushonea kilitenganishwa na sebule kwa ukuta wa mbao ambao haukufika darini. Kila lililosemwa sebuleni liliruka juu ya mbao likatua mezani kwangu kati ya mkasi na chaki. Mwaka ule nilijifunza kukata suruali na kusikiliza, na hilo la pili nililijua mapema kuliko la kwanza. Mzee alikula peke yake sebuleni, redio ikiwa wazi, sahani ya makande na kikombe kikubwa cha chai ya tangawizi kali inayochoma koo. Sisi wanawake tulikula jikoni, tukimsikia akiigombeza redio. Watoto wake wote walikuwa wameshaondoka, wengine Moshi, wengine Dar es Salaam, na nyumba ilikuwa na utaratibu wa watu wawili wazee na mgeni mmoja asiyetaka kuudhi.

Ndio mwaka kichaa cha mbwa kilipopanda mlimani. Kilianzia tambarare, kwa wafugaji, kisha tukasikia ng'ombe wa mtu kijiji cha chini ametokwa mapovu akafa, kisha mbwa mgeni akaonekana shuleni akitembea kwa kuyumba. Amri ikashuka kutoka wilayani. Mbwa wote wachanjwe siku moja, kwenye uwanja wa shule ya msingi, kila mwenye mbwa apewe cheti. Mchana mbwa afungwe. Atakayekutwa bila cheti atapigwa risasi. Mzee Sefania, aliyekuwa pia mzee wa kanisa, aliisoma amri ile Jumapili baada ya matangazo, na aliisoma vizuri, taratibu, akinyanyua kidole kwenye kila kifungu.

Sasa hapa ndipo lilipoingia jambo ambalo mtu asiye wa kwetu hatalielewa upesi. Kwetu mlimani, mbwa hupelekwa na watoto. Mtu mzima mwenye koti na suruali ya pasi haonekani njiani akivutana na mbwa kwa kamba, mbwa akigoma kila kichaka na watu wakichungulia. Mzee hakuwa na mtoto nyumbani. Mimi nilikuwa msichana wa kuolewa, nayo pia ilikuwa aibu. Siku ya chanjo aliondoka asubuhi amevaa koti lake la ibada, akaenda kukaa mezani pembeni ya bwana mifugo kumsaidia kuandika vyeti. Cheti cha tatu alichoandika kilikuwa cha mbwa wake mwenyewe, Bosi. Alikubaliana na bwana mifugo kwamba wakimaliza watapita nyumbani, Bosi achomwe sindano palepale kwenye banda lake, kiheshima. Ila dawa iliisha saa tisa, foleni ikiwa bado ndefu, na bwana mifugo akashuka Same na gari lililomleta. Cheti kilibaki mfukoni mwa koti. Jioni nilimsikia Mzee juu ya ukuta wa mbao akimwambia mkewe, "Watarudi wiki ijayo. Kwani ni nini?" Hawakurudi wiki ile wala iliyofuata.

Aliyerudi ni mtu wa bunduki. Alizunguka kitongoji siku mbili, Mzee akimtangulia kumwonyesha nyumba, na wale ambao dawa iliwaishia kwenye foleni walikuwa wameahidiwa kusubiriwa lakini hakuna aliyewasubiri. Mjane mmoja alimshika mbwa wake kifuani akilia kwamba alikuwa namba ya nane kutoka mwisho, kila mtu alimwona. Mzee akamwambia, "Mama, sheria haina namba ya nane." Mdogo wake Mzee mwenyewe alifunga mlango asitoke kuangalia mbwa wake akipigwa. Bosi alikuwa bandani kwake nyuma ya nyumba, akibweka kila mlio, na cheti chake kimebandikwa mlangoni kwa pini.

Miezi miwili baadaye Bosi alikata kamba akamng'ata Nashipai. Nashipai alikuwa mke wa mfugaji wa tambarare, aliyekuwa akipanda kwetu Jumatatu na Alhamisi na maziwa kwenye vibuyu vilivyosafishwa kwa moshi. Alikuwa amenizidi miaka michache tu, mtoto mmoja mgongoni, na alikuwa na kicheko kilichonifanya nisahau kuwa nimefeli mtihani. Alikuwa akiketi kizingitini mwa chumba cha kushonea, akinitazama nikisukuma kitambaa, na kuniuliza maswali. "Hii nguo ya mwanamume, mbona inabana hapa? Atakaaje na ng'ombe?" Alinifundisha kuitikia *iko* mtu akinisalimu *takwenya* kwa Kimaasai, na nilipokosea matamshi alijipiga paja kwa kucheka. Siku ile hakuwa na mtoto, namshukuru Mungu kwa hilo. Nilisikia yowe, nikatoka, nikakuta maziwa yanakimbia kwenye mteremko na yeye ameshika mkono wake wa kulia juu ya kiwiko. Bosi alikuwa amesimama mbali kidogo, habweki, mate yanamdondoka. Mzee alitoka na rungu, akamrudisha bandani kwa kitanzi cha kamba kilichofungwa kwenye ncha ya mti. Tulimwosha Nashipai jeraha kwa sabuni na maji mengi, kama amri ilivyosema, kisha nikampeleka zahanati.

Kesho yake bwana mifugo alikuja. Alikuwa kijana mpole, mwenye pikipiki na begi. Aliuliza cheti, akaonyeshwa mlangoni. Mwandiko aliujua, ulikuwa wa Mzee, na sahihi ilikuwa yake mwenyewe, aliyoitia kwa haraka siku ya foleni. Niliona akisita. Niliona macho yake yakienda kwa Mzee na Mzee akiyapokea bila kupepesa, na yule kijana akashusha kichwa. Basi akatueleza utaratibu. Mbwa aliyechanjwa asiuawe. Afungwe siku kumi, apewe chakula na maji, aangaliwe. Akiwa mzima siku ya kumi, aliyeumwa hana shida. Akifa, au akibadilika kabla ya hapo, aliyeumwa ashuke wilayani siku hiyohiyo kuanza sindano, kwa maana ugonjwa ukishaanza kuonekana kwa mtu hakuna dawa duniani. Sindano zilikuwa chache, wala hazikupatikana mlimani. Nashipai alisikiliza yote kwa makini, kisha akauliza ni nani anayempa mbwa chakula. Mzee akaninyooshea kidole. Nashipai akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima. "Wewe ndiye macho yangu," akasema. "Huyo akilala vibaya, niambie. Nitaacha kila kitu niende." Nikamwambia nitamwambia.

Siku tatu za kwanza Bosi alikula. Ya nne alilamba maji akayaacha. Ya tano alikuwa akiguguna mbao za banda mpaka ufizi ukatoa damu, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekwaruza. Nilimwambia Mzee. Akaniambia mbwa akifungwa hununa. Siku ya sita asubuhi, nilipopeleka ugali, nilimkuta ameshakufa, mdomo wazi, nzi wameshafika. Nilirudi jikoni na bakuli likiwa bado limejaa. Mzee alikwenda kuangalia, akarudi, akaosha mikono, akaketi kunywa chai. Nikaingia chumba cha kushonea, nikakaa mbele ya cherehani bila kuweka uzi, nikasikiliza. Mama Navoneiwa alisema, "Sefania, yule ni mama wa watu." Akajibu, "Na mimi ni mwenyekiti wa watu. Nimewaulia mbwa zao wote kwa ajili ya karatasi. Leo nikasema karatasi yangu ilikuwa ya uongo, nitatokaje nje?" Mama akasema tena, "Ana mtoto mchanga." Mzee akajimiminia chai tena. Kisha, "Alioshwa. Wengi wanaumwa na mbwa na wanaishi." Nilisubiri Mama aseme neno la tatu. Nilichosikia ni vikombe vikikusanywa.

Kesho yake Mzee alileta mbwa mwingine. Bosi alikuwa na ndugu wa mzao mmoja kwa dada yake Mzee, kijiji cha bondeni, rangi moja, kimo kimoja. Tofauti ilikuwa sikio. Bosi alikuwa na mpasuko wa zamani sikio la kushoto, wa ugomvi wa mbwa, na huyu hakuwa nao. Mzee alimfanyia kwa wembe wangu wa kufumulia nyuzi. Aliuomba kwa adabu, akaurudisha umeoshwa, akauweka mezani kwenye nafasi yake. Kisha akasimama pale, na kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile akaniuliza habari za mbele yangu. Chuo cha ufundi kule mjini kinataka barua ya mwenyekiti, sivyo? Nikasema ndiyo. Akasema ataiandika wiki ile ile. "Umeona nini bandani, mwanangu?" Nikasema, "Sijaona kitu, Mzee." Hakunitisha. Ninaandika hivi kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba alinitisha.

Siku ya kumi walikuja wote: bwana mifugo, mtendaji wa kijiji, Nashipai na mume wake Saning'o, mtu mrefu mkimya aliyesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameuegemeza gotini. Mama alipika chai na viazi vitamu. Mbwa alitolewa. Alikuwa mchangamfu, akanusa viatu vya kila mtu. Bwana mifugo alimtazama haraka haraka, akafungua begi atoe fomu. Nashipai akasema, "Ngoja." Alichuchumaa mbele ya mbwa, akamshika kichwa kwa namna wanavyomshika ndama, akaligeuza sikio kwenye mwanga. Alikaa nalo muda mrefu. "Sikio hili limekatwa majuzi," akasema. "Sisi ndio tunakata ng'ombe masikio. Kidonda cha zamani nakijua na kipya nakijua. Huyu si yule." Mtendaji akacheka. Mzee naye akatabasamu. "Mama, alijikuna kwenye waya akakitonesha. Ng'ombe mnajua, hilo sikatai, lakini mbwa ni wa kwangu." Nashipai hakumtazama. Aligeuka akanitazama mimi. Mzee akaona, na kwa sauti ileile ya kusomea amri kanisani akasema, "Basi tumuulize anayempa chakula. Nakijwa, huyu ni nani?"

Nimekata suruali maelfu tangu siku ile. Nimezaa, nimezika mume, nimejenga. Hakuna dakika nyingine maishani mwangu ninayoikumbuka jinsi ninavyoikumbuka ile: viazi vikitoa mvuke kwenye sinia, mbwa akinilamba kidole, kalamu ya bwana mifugo ikiwa juu ya karatasi haijashuka. Nikasema, "Ni Bosi." Uso wa Nashipai ulilegea. Alisimama, akajipangusa vumbi magotini. "Kama ni wewe umesema, basi," akasema. Akachukua kiazi, akala amesimama, akanicheka kwa sababu nilikuwa nimeshona shati langu mwenyewe na kola ilikuwa imekwenda upande. Mtendaji akagonga muhuri.

Pengine ningesamehewa kama ingekuwa dakika ile moja tu. Lakini Jumatatu iliyofuata alikuja na maziwa, na Alhamisi, na Jumatatu tena, akakaa kizingitini pangu, na kila mara nilikuwa na neno moja la kusema na muda wa kutosha wa kulisema. Mara moja nilijaribu kwa kupitia pembeni. Nilimwambia, "Nashipai, si ungekwenda tu wilayani ukachomwa, kwa usalama?" Akashangaa. "Mbwa ni mzima. Umesema mwenyewe. Nikamwache mtoto na ng'ombe siku zote hizo kwa nini?" Nikasema, "Basi tu." Nikainamia cherehani. Barua yangu ilikuwa tayari imeandikwa, imekunjwa mara tatu, ndani ya Biblia yangu.

Mwezi wa pili baada ya kung'atwa hakuja. Nilijiambia wamehama na ng'ombe, maana mvua zilikuwa zimekataa. Baada ya wiki tatu akaja Saning'o peke yake, amekonda, na kondoo mmoja kwa kamba. Nilimkaribisha sebuleni, nikampa chai, nikarudi upande wangu wa ukuta. Alimweleza Mzee kwamba mkewe amefariki. Mkono ulianza kumwasha palepale kwenye kovu, kisha akawa hawezi kumeza, akipewa maziwa koo linamkaba, akiyaona tu analia na kurudi nyuma. Siku nne. Walikuwa mbali, upande wa mtoni, gari halikupatikana. Mzee akasema pole sana, ni kazi ya Mungu. Saning'o akasema hapana, amefikiri. "Watu waliniambia ni mbwa wa mwenyekiti. Nikawaambia acheni. Mbwa nimemwona siku ya kumi, anakula, anacheza, na karatasi ninayo. Si mbwa. Basi ni mtu. Na mtu aliyekuwa anampa Nashipai chakula ni mke wangu mkubwa, Namayani. Nimemfukuza. Amekwenda bila ng'ombe, bila watoto." Kisha akasema alichokipandia mlima. Alikuja kumwomba Mzee radhi kwa maneno ya watu waliomsingizia mbwa wake, na kondoo ni wa hiyo radhi.

Hakuwa mjinga. Hilo nataka lieleweke, kwa maana nimesikia watu wa mlimani wakiwacheka wafugaji kwa kuamini mambo. Alifikiri sawasawa kabisa, hatua kwa hatua, kutokana na kile tulichompa. Uongo ulikuwa wetu, wenye vyeti na Biblia. Mzee alimpokea yule kondoo. Tulimla Jumapili, na mimi nilikula, nikasaga na mifupa. Mwezi uliofuata nikashuka chuoni na barua yangu.

Namayani yuko hapa Same. Nimejua kwa miaka kumi na moja. Anauza ugoro na magadi sokoni, mafungu madogo kwenye kipande cha kanga, hatua kama mia kutoka dukani kwangu. Niliwasikia wanawake wenzake wakimtaja, nikauliza, nikajua. Tangu hapo nimekuwa nikinunua magadi nisiyoyahitaji, nikimwachia chenji, nikimshonea mashuka bure, naye akinibariki kwa Kimaasai na kunisifu kwa watu kwamba mama wa cherehani ana roho nzuri. Nilikuwa nikijiambia nitasema Mzee akifa, nisimwaibishe akiwa hai. Basi amekufa. Jumamosi baada ya mazishi nilikwenda sokoni, nikachuchumaa mbele ya mafungu yake, nikamwamkia shikamoo, nikasema yote. Mbwa aliyekufa, mbwa aliyeletwa, sikio, wembe, jina nililolitaja. Sauti yangu haikukatika, maana kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi.

Alinisikiliza mpaka mwisho akipanga na kupangua magadi. Hakulia wala hakunipigia kelele, ingawa nilitamani afanye lolote kati ya hayo. "Kwa hiyo umekuja kuniambia kwamba sikumuua Nashipai," akasema.

Nikasema, "Ndiyo, yeyo," nikimwita mama kwa lugha yake.

"Mimi nilijua sikumuua. Toka siku ile ile nilijua. Saning'o ndiye alikuwa hajui, amekufa miaka sita sasa. Watoto wangu ndio walikuwa hawajui, wamekua wakinitemea mate, mmoja amekufa, mmoja sijui aliko. Kila aliyehitaji kuambiwa hayupo." Aliokota kibonge cha magadi kilichodondoka, akakirudisha kwenye fungu. "Ulikuwa unapita hapa kila wiki."

Nikasema nilikuwa naogopa.

"Sasa huogopi," akasema. "Haya, simama. Umewazibia wateja."